Oga Kabla ya Kuja Nyumbani

Mimi ni mwoka mikate, na mke wangu hali mkate. Cheka kwanza umalize. Mtaa mzima ulishacheka, nimezoea. Mama yangu mzazi aliposikia alisema ni sawasawa na fundi viatu kuwa na mke anayetembea peku. Mwenzangu wa tanuri la pili akasema kumbe hata nyumbani kwangu mikate yetu haina soko. Huyo sikumjibu, ila wiki nzima alibeba magunia ya unga peke yake mpaka akajua utani una mipaka.

Mke wangu anafanya kazi kwenye duka la picha, zile ndogo za vitambulisho na pasipoti. Anakukalisha kwenye kiti, anakwambia uinue kidevu, anakupiga, halafu anahamia kwenye kompyuta kukusafisha. Kovu, chunusi, vivuli vya chini ya macho, vyote anavifuta kwa kidole kimoja. Ndiyo maana mtaani wanamwita Picha, na mimi wananiita Ngano. Yeye mwenyewe alikuwa na chunusi za kidevuni zisizosikia dawa, na vinywele vichache vigumu ambavyo alivitoa kwa kibanio kila asubuhi, mlango wa bafu umefungwa. Nilijua. Mume anajua. Sikumwambia kwamba najua, na yeye hakuniuliza kwa nini nilinunua kioo kikubwa na kukitundika bafuni karibu na dirisha.

Tulipooana hatukuwa na haraka ya mtoto. Halafu tukawa nayo, halafu ikawa ndiyo haraka pekee tuliyobaki nayo. Siku zake za mwezi zilikuwa za kubahatisha. Zinakuja, zinapotea muda mrefu, zinarudi bila hodi. Kila zilipochelewa tulinunua kipimo cha mimba, tukakaa ukingoni mwa kitanda tukikikodolea macho kama watu wanaosubiri matokeo ya mtihani, na kila mara kikatuletea mstari mmoja. Ndugu walituuliza kwa mzaha, kisha wakauliza bila mzaha. Shangazi yangu alifikia kumwambia mke wangu apunguze kukaa mbele ya kompyuta, eti mionzi inaunguza kizazi. Nikamwambia shangazi na yeye apunguze simu, labda ndiyo inayomuunguza ulimi. Hatukusalimiana mpaka mwaka uliofuata, na sijutii.

Siku moja alikaa bafuni mpaka nikagonga mlango. Alitoka macho mekundu, akakivunja kile kijiti cha kipimo mbele yangu.

"Hiki kitu kisiingie tena ndani ya nyumba hii," alisema. "Kama kuna mtoto, atakuja na tumbo, tutamwona."

"Sawa," nikasema.

Hiyo ikawa sheria ya nyumba yetu, na sote wawili tuliipenda. Kuna watu wameapa wasiguse pombe, wengine hawataki redio mezani. Sisi tuliapa kutopima. Usingizi ulirudi.

Aliyetuambia shida ni nini alikuwa daktari wa akina mama, mwanamke mwenye sauti ya chini na miwani inayoteleza puani. Alimlaza mke wangu, akageuza skrini, akatuonyesha vifuko vidogo vidogo vilivyojipanga ukingoni mwa ovari. Ugonjwa una jina refu la kitaalamu, na wenyewe wamelifupisha kwa herufi nne wakawa wanalitaja kama jina la kampuni ya bima. Alieleza taratibu. Homoni zimevurugika, mwili hauisikii vizuri ile insulini inayoshughulikia sukari, kwa hiyo yai halikomai wala halitoki kwa wakati wake. Chunusi, vinywele, unene wa tumboni, siku zinazopotea, vyote vilitoka shina hilohilo. Mke wangu alimsikiliza huku ameshika kidevu. Nadhani ndiyo mara ya kwanza alisikia mtu akiyataja yote hayo kwa pamoja bila kumlaumu.

"Siwezi kukuahidi kwamba utaisha kabisa," daktari alisema. "Lakini unadhibitika. Dawa zipo, na nitakupa. Ila dawa bila kubadilisha chakula, bila mwendo, bila usingizi, tutakuwa tunatwanga maji kwenye kinu."

Akatupeleka chumba cha pili kwa mtaalamu wa lishe, mwanamume mpole aliyekuwa na picha ya sahani ukutani, nusu yake mboga.

"Nyumbani mnakula nini zaidi?" akauliza.

Mke wangu alinitazama. Mimi nikatazama ile sahani.

"Mkate," akasema. "Mume wangu anaoka."

"Mkate mweupe?"

"Mweupe, wa moto. Kila siku anakuja nao kwapani."

Mtaalamu aliweka kalamu chini. Hakuwa mtu wa kutisha wagonjwa, nampa haki yake. Alisema hakatazi mtu chakula, ale mboga kwa wingi, maharage, mayai, samaki, karanga, aupunguze unga mweupe na sukari, na akitaka mkate basi uwe kipande kidogo cha ngano isiyokobolewa. Lakini mke wangu anajijua. Tulipofika nje alisimama getini akaniambia yeye hana kipande kidogo, akianza kipande anamaliza mkate, kwa hiyo bora wasionane kabisa.

"Na wewe," akasema, "oga kabla ya kuja nyumbani."

"Mimi nimekosa nini?"

"Ukiingia unanukia hivyo, sikuoni mume. Nakuona chai ya saa kumi."

Nilicheka mpaka mlinzi wa geti akatutazama. Lakini hakuwa anatania. Harufu ya mkate ilikuwa ndani ya nywele zangu, kwenye mikunjo ya shingo, chini ya kucha. Nilikuwa nimeizoea kiasi kwamba nilidhani mimi sinuki chochote. Basi nikaanza kuoga bekari, kwenye bafu la wafanyakazi nyuma ya stoo, maji baridi, sabuni ya kufulia. Nguo za kazi naziacha kwenye msumari, navaa nyingine, narudi nyumbani nikinukia sabuni.

Sasa, mwanamume anayeoga akitoka kazini kabla ya kwenda kwa mkewe, watu wana maelezo yao. Pale kaunta tunaye dada mmoja tunamwita Redio, kwa sababu hazimwi. Haikuchukua muda, wateja wakaanza kunisalimia kwa kukonyeza. Nilimfuata kaunta nikamwambia kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani kwamba naoga kwa amri ya mke wangu, na kama kuna mwingine anayetaka taarifa ya bafu langu aje achukue namba ya foleni. Alicheka mpaka akakaa kwenye kreti. Baada ya hapo akawa ndiye anayenikumbusha nikisahau. "Ngano, umeoga? Mwenzio atakutafuna."

Kila jioni, jua likiwa bado juu ya mapaa, tulitembea. Tulizunguka uwanja wa mpira, tukapanda mpaka kwenye tangi la maji la mtaa, tukashuka kwa njia ya gereji. Mwanzoni alikuwa akisimama kila baada ya nyumba chache akijifanya anafunga kamba za viatu. Baadaye mimi ndiye niliyefunga kamba. Alitembea mbele yangu, mikono ikienda mbele na nyuma kama askari wa gwaride, na akigeuka kuniona nimeachwa alinizomea: "Hamira imekwisha?" Nilimpenda sana jioni zile. Sitaki kulizungusha hilo, nilimpenda mpaka kifua kikauma.

Zilizokuwa sahani mbili tofauti mezani nikazifanya moja. Sikuweza kula kitu changu kitamu mbele yake, ningekuwa mtu wa namna gani? Nilikula mboga zake mpaka suruali zikaanza kunidondoka, na mama yangu akaniuliza kama nimefukuzwa kazi. Mama hakuelewa. "Mwanamke ananyimwa chakula halafu mnategemea azae," alisema. Nikamwambia hanyimwi, anachagua. Akasema enzi zao walichagua mume tu, chakula kilijichagua.

Kisha siku zake zikarudi. Zilikuja mwezi mmoja, zikaja na uliofuata, karibu tarehe zilezile. Daktari alikuwa ametuambia kwamba hiyo ndiyo dalili ya kungoja, mwili kurudi kwenye ratiba yake, na mke wangu hakuweza kungoja mpaka jioni kunipa habari. Duka la picha haliko mbali na bekari. Alikuja mchana, akapita uchochoro wa nyuma, akagonga mlango wa chuma wa stoo.

"Zimekuja," alisema.

Nikanyanyua mikono yangu yenye unga juu kama mfungaji wa goli. Wenzetu wanaotafuta mtoto wakiona damu hulia. Sisi tulikuwa watu wawili wazima tunaruka kwenye uchochoro wa mapipa kwa sababu imetoka damu. Ikawa desturi yetu. Zikija, anakuja kugonga, nami natoka kucheza kidogo, hatua mbili tatu za kijinga, yeye anacheka na kurudi kazini.

Halafu zikakata.

Mwezi wa kwanza alisema labda ni uchovu. Mwezi uliofuata hazikuja pia. Nilimwona akikaza kila kilichoweza kukazwa. Akaacha hata tunda, nikagomba, akarudisha nusu. Mizani aliyokuwa amefanya nayo urafiki ikaanza kumsaliti, inapanda kidogo kidogo wakati sahani yake haijabadilika. Kila asubuhi nilimsikia bafuni akiisemesha kwa hasira. Jioni alitembea bado, ila alichoka mapema, na tukirudi alilala palepale kwenye kiti na viatu miguuni. Mimi nilimvua.

"Umerudi," aliniambia jioni moja, macho yamefumbwa. Alikuwa anasema ugonjwa. "Nimeufukuza kwa miguu yangu, na umerudi."

"Tutaufukuza tena," nikasema.

"Kwako ni rahisi kusema. Tumbo si lako."

Kitu kimoja tu kilitufurahisha siku zile. Nilirudi nikiwa nimeoga kama kawaida, lakini nilikuwa nimevaa kofia ya kazi kichwani bila kujua. Nilipoinama kumsalimia, alinisukuma, akakimbilia bafuni, akatapika. Nikabaki sebuleni na kofia mkononi nikijitukana. Alitoka anajifuta mdomo, na nilishangaa kuona anatabasamu.

"Mkate," akasema. "Mkate umenichefua! Umesikia? Mimi, kuchefuliwa na mkate!"

"Kweli?"

"Haki ya Mungu. Lete tena hiyo kofia." Nikaisogeza, akanusa kwa mbali, akafunga pua na kuanza kucheka. "Toa, toa! Nimeushinda. Mwili umeukataa wenyewe."

Tulicheka wote wawili mpaka tukakaa sakafuni. Tulikuwa tumepigana na harufu ile muda wote huo, na sasa imeshindwa. Alimpigia simu mtaalamu wa lishe kumwambia kwamba hamu ya mkate imekufa, na yule mpole wa watu akampongeza. Tangu siku hiyo hata kupita mbele ya bekari hakuweza, alizungukia barabara ya pili. Kila alipoziba pua alinikonyeza. Ulikuwa ushindi wetu pekee, tukaushika kwa mikono miwili.

Nilimsimulia Redio. Alikuwa anapanga skonzi kwenye kabati la vioo, akasimama na koleo hewani.

"Anatapika, anachoka, hataki harufu," akasema taratibu. "Ngano, isije ikawa..."

"Usimalize," nikamwambia.

"Mimi nasema tu..."

"Na mimi nasema usimalize. Neno hilo tumelisikia kwa watu wote, na kila mara mimi ndiye nimefuta machozi. Uza mikate."

Akauza mikate. Sikuwahi kumkaripia vile, na uso wake ulionyesha. Nilikuwa namlinda mke wangu. Hata leo ukiniuliza nitakwambia nilikuwa namlinda.

Siku yenyewe ilikuwa ya joto kali, feni ya bekari imeharibika. Nilikuwa natoa trei za mwisho za mchana niliposikia mlango wa nyuma ukigongwa. Niliujua ugongaji ule. Niliacha trei hapohapo nikakimbia.

Alikuwa amesimama uchochoroni, kanga imefunika pua kwa sababu ya harufu, macho yanang'aa.

"Zimekuja," akasema.

Nilinyanyua mikono. Nikacheza. Nilicheza zaidi ya siku zote, maana hofu ilikuwa imetukaa kwa muda mrefu, nikazunguka pipa la takataka, nikampigia saluti, nikamwambia mgonjwa gani huyu, huyu ni mashine. Alicheka akashika ukuta. Akasema tumbo linamkata kidogo, zimekuja kwa fujo safari hii, lakini hajali, zije hata na ngoma. Nikamwambia arudi nyumbani akapumzike. Nilipoingia ndani nilichukua trei nzima ya skonzi nikaiweka mezani, nikawaambia wenzangu wale, ni juu yangu.

"Kuna nini?" Redio akauliza.

"Kuleni tu," nikasema. "Leo kwangu kuna furaha."

Na mimi nilikula. Nilikula mbili, moto moto, nimesimama.

Jua lilikuwa bado halijatua aliponipigia simu. Sauti ilikuwa ndogo. Alisema anaona kama si kawaida. Nilikimbia na nguo za kazi, unga hadi kwenye nyusi, nikamkuta amekaa kwenye sakafu ya bafu, ameegemea ukuta chini ya kile kioo. Taulo lilikuwa limelowa. Hakuziba pua nilipomwinua. Niliona hilo na sikulielewa.

Hospitalini tulimkuta daktari wetu yuko zamu. Alimlaza, akageuza skrini, safari hii akaigeuzia upande wake peke yake. Akasogeza kifaa cha kupimia tumboni, akakirudisha palepale.

"Mara ya mwisho ulipima ujauzito lini?"

"Hatupimi," mke wangu akasema. Alisema kama mtu anayeeleza dini ya nyumba yake.

Daktari alivua miwani. "Mama, ulikuwa mjamzito. Inakaribia miezi mitatu. Mimba imetoka. Pole sana."

"Hapana," mke wangu akasema kwa upole, kama anamsahihisha mtu aliyekosea jina lake. "Ni siku zangu. Zilichelewa tu, daktari. Zimekuja leo mchana."

Daktari alimshika mkono.

"Nilikwenda kumwambia mume wangu," mke wangu aliendelea. "Muulize. Nilikwenda mwenyewe kwa miguu." Akanigeukia, na nikaona neno likimfikia, polepole, mpaka likafika. "Tulifurahi," akasema. "Mume wangu alicheza."

Nilitamani sakafu inimeze. Nilitazama mikono yangu, ilikuwa bado na unga.

Daktari alitueleza yote yanayopaswa kuelezwa. Si kutembea, si chakula, si dawa, wala si furaha yetu iliyofanya hivyo. Mimba changa nyingi huharibika kwa sababu hazikutungwa sawasawa tangu mwanzo, na wenye hali kama ya mke wangu hupatwa zaidi kidogo kuliko wengine. Alisema siku zikichelewa tena tupime, tusiogope. Mwisho akasema mwili umeonyesha kwamba njia iko wazi, kwamba yote tuliyofanya yamefanya kazi. Maneno yake yalikuwa ya kweli, na alituambia kwa huruma, na nilitaka kumfukuza kwenye chumba chake mwenyewe. Yamefanya kazi! Ndiyo, yalikuwa yamefanya kazi. Mtoto alikuja kama tulivyomwomba, akakaa nyumbani kwetu miezi yote ile, na sisi tukawa tunamwita ugonjwa.

Mke wangu aliyasema mwenyewe tuliporudi, amelala ameelekea ukutani.

"Nilimtukana," alisema. "Kila asubuhi pale kwenye mizani. Nilishika tumbo nikaliambia lirudi ndani, sikulitaka."

"Hukujua."

"Yeye hakujua kwamba sijui."

Nilivuta shuka nikamfunika mabega.

Mama yangu alikuja na kapu la mboga za majani, maharage, mayai. Hakuleta mkate wala sukari, yeye aliyekuwa akitucheka. Alifagia, akaosha vyombo, kisha akakaa kitandani karibu na mke wa mwanawe na kumpapasa kichwa.

"Mimi nilizaa watano mkawaona," alisema. "Wa katikati hamkumwona. Alitoka mdogo hivihivi. Hakuna aliyenipa pole, waliniambia nikafue mashuka. Wewe nakupa pole, mwanangu. Nakupa na yangu niliyonyimwa."

Nilikuwa nimesimama mlangoni. Miaka yote hiyo mimi ni mwanawe, na sikujua. Mke wangu aligeuka kutoka ukutani na kumshika mama kiunoni, wakalia wote wawili, nami nikatoka nikaenda kusimama nje kama mtu anayesubiri wageni.

Nilirudi kazini wiki iliyofuata. Redio aliniona nikiingia, akaweka koleo chini. Alikuwa amekwisha kusikia, au alikuwa amejua tangu ile siku ya koleo. Alikuja mpaka kwenye tanuri, mahali ambapo huwa hafiki kwa sababu ya joto, akanifunga vizuri kamba za aproni mgongoni, akarudi kaunta. Siku nzima redio ilizimwa. Nilikanda, nikafunika kinyunya kwa kitambaa, nikakiacha kiumuke. Kazi ile naifanya macho yamefumbwa. Naweza kugusa donge kwa kidole nikakwambia kama lina uhai au limekufa, na watu wananisifu kwa hilo.

Mchana maji yalikatika. Nilifungua bomba la bafu la wafanyakazi, likakohoa, likatoa hewa. Nilijipangusa kwa kitambaa kikavu, nikabadilisha shati, lakini ni kazi bure, harufu ile haitoki kwa kitambaa. Njia nzima nilikuwa nawaza nitaingiaje. Nilifikiri nikae nje mpaka jirani anipe ndoo ya maji. Nilifikiri nimpigie mama simu aje na ndoo. Mke wangu hakuwa na nguvu hata za kukaa vizuri, na mimi nakwenda kumtapisha.

Nilisimama kizingitini nikabisha mlango wa kwangu mwenyewe.

"Ingia," alisema.

"Sijaoga. Maji yamekatika. Nipe ndoo nioge huku nje."

Nilisikia kitanda kikilia, halafu hatua zake. Alifungua mlango amevaa gauni la kulalia, nywele hazijachanwa, kidevu hakijaguswa kibanio siku nyingi. Nilirudi nyuma hatua moja. Yeye akaja mbele. Akanishika shati kwa mikono miwili, akasimamia vidole vya miguu, akaweka uso wake shingoni kwangu, pale kwenye mikunjo inapojificha harufu. Nikabana pumzi. Nilisubiri anisukume na kukimbilia bafuni, kama alivyofanya siku ile ya kofia. Nilimwomba Mungu anisukume. Niliomba hivyo, mtu mzima na akili zangu, kwamba atapike.

Alivuta pumzi ndefu. Akavuta nyingine. Akasogeza pua hadi kwenye nywele zangu, akatafuta huko pia, akarudi shingoni. Sote wawili tulikuwa tunasubiri kitu kilekile.

"Unanukia vizuri," akasema, akaniangukia.

Nilimdaka, tukakaa chini palepale mlangoni, na alilia ameuficha uso ndani ya shati langu, bila kuutoa.